Mazishi ya Korongo wa Mwamko

Niliisikia karakana kabla sijaiona. Nilikuwa nimeshuka kwenye treni asubuhi, viatu nimevibeba mkononi ili visichoke kabla mwajiri hajaviona, nikitembea kwa maelekezo ya mtu ambaye hadi leo naamini hakuwa akiijua Tabora. Mara nikasikia chuma kikigongwa: ko, ko, kimya, kisha ko moja peke yake, kama mgeni anayebisha hodi halafu anasikiliza kama wenyeji wamo. Nikaachana na maelekezo, nikaufuata mlio. Ulinipitisha nyuma ya soko, ukanivusha mfereji, ukanifikisha kwenye mlango mpana wa mninga uliokuwa umefunguliwa kwa ndani.

Mle ndani mzee mmoja alikuwa amelaza sikio juu ya bomba. Kanzu yake nyeupe ilining'inia kwenye msumari, mbali na uchafu. Yeye mwenyewe alibaki na fulana na msuli uliokuwa na grisi nyingi kuliko pampu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesikia nini?"

"Chuma, mzee."

"Chuma hata mbuzi anakisikia. Nimekuuliza umesikia nini."

Sikuwa na jibu, naye alikuwa akipenda sana watu wasio na jibu. Nikaajiriwa. Huyo ndiye Fundi Sefu, mwenyeji wa mjini, mtoto wa mafundi na mjukuu wa mafundi. Babu yake, kwa maelezo ya Fundi Sefu, ndiye aliyetengeneza kufuli za misafara yote iliyolala Tabora. Kwa maelezo ya majirani, ndiye aliyezifungua pia.

Ninyi mliobaki karakana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vingi vya kukaimu. Mshahara nao tuuache upumzike. Ulichoka mapema kuliko mimi. Nitawaambia habari ya mashine moja, kwa sababu najua bado mnapokea mashine zilizofungwa midomo, na bado mnaambiwa asante iwe ndefu kuliko swali.

Siku zile uhuru ulikuwa bado mbichi. Mzungu aliyekuwa akiongoza karakana alikuwa amekwisha kwenda kwao, na kwa wema wake alituachia kabati la michoro. Kabati tu. Michoro yenyewe alikwenda nayo, sijui kwa kazi gani, labda alitaka kukaa barazani kwao jioni akitazama matumbo ya pampu zetu. Tukawa tunafanya kazi kama watu wanaosoma kitabu kilichogandishwa kurasa: ukibandua ukurasa, nusu ya maneno inabaki upande wa pili.

Fundi Sefu alinifundisha kutandika gunia chini kabla ya kushika spana. Kila nati unayoitoa unailaza mahali pake juu ya gunia, kwa mpangilio ule ule ilivyotoka, na kabla ya kuitoa unaichora kwa chaki sakafuni. "Mkono unasahau haraka kuliko kichwa," aliniambia, "na kichwa chako, mwanangu, nimekwisha kukiona." Fanyeni hivyo hata leo. Msidanganywe na mtu anayerusha nati ndani ya kopo moja na kusema anazijua. Anazijua, lakini zenyewe hazimjui.

Baadaye tukaletewa mkuu wetu wenyewe. Jina lake silitaji. Alipenda aitwe Ndugu Mkuu, na alikasirika ukimwita Ndugu ukiwa umekaa. Amri yake ya kwanza ilihusu ule mlango wa mninga: uwe wazi saa zote za kazi, ili akipita aione mikono yetu. Akaiandika amri hiyo, akaibandika juu ya kizingiti. Basi mlango ukawa unaegemezwa ukutani tangu asubuhi hadi jioni, uso wake wa ndani umeelekea ukuta, hauonwi na mtu ila buibui. Likumbukeni jambo hilo.

Kisha likaja wimbi la vijiji. Watu walihama kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika porini, wakakusanywa kando ya barabara, nyumba kwa mistari, na kila kijiji kikapewa jina la kuchangamsha. Kimoja kiliitwa Mwamko, upande wa Tura, pale ambapo nyayo za wapagazi wa zamani zilichimba njia kabla reli haijaja kujifanya imeigundua. Mtu wa kwanza kung'oa nguzo za nyumba yake na kuhamia Mwamko alikuwa Mama Kalunde, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Ukoo wake wote ulimfuata. Hawakufuata hotuba, walifuata neno alilowaambia yeye mwenyewe: kule kuna maji ya bomba.

Na maji yalikuwapo. Nchi rafiki ilikuwa imetupa pampu za kisima kirefu, rangi ya kijani, na juu yake kasha jekundu la chuma lenye picha ya korongo, yule ndege mwenye shingo ndefu. Kwa hiyo tukaziita Korongo. Injini ya dizeli ilizungusha mkanda, mkanda ukazungusha gurudumu, na kasha jekundu ndilo lililougeuza mzunguko ule kuwa kupanda na kushuka. Fito ya chuma ikazama kisimani, ikainuka, maji yakaja. Siku ya kuizindua yalimwagwa maneno mengi kuliko maji. Lakini jioni, wakubwa walipokwisha kuondoka, mlio wa Korongo ulibaki peke yake juu ya paa za nyasi, tu-pwa, tu-pwa, na watoto wakalala wakiusikiliza kama watoto wa Pwani wanavyolala kwa mawimbi.

Kampuni iliyotengeneza Korongo ilitupa onyo moja: kasha jekundu halifunguliwi. Likiharibika, linaletwa jingine kutoka ng'ambo. Fundi Sefu aliposikia hivyo aliona ametukanwa yeye na babu yake. Korongo wa kwanza kugoma alikuwa katika kijiji kingine, na Fundi Sefu akamwendea na spana yake ndefu kuliko zote. "Mashine ni mashine," alisema, akavuta kama kila fundi duniani anavyovuta kifuniko. Kikapasuka. Pa! Chuma cha kumimina hakina subira. Hupasuka kama chungu. Kijiji kile kikarudia ndoo, na Fundi Sefu akarudi Tabora bila kuzungumza njia nzima, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada ya hapo.

Basi kiangazi kimoja Korongo wa Mwamko naye akagoma. Tulimkuta injini inanguruma, mkanda unazunguka, gurudumu linazunguka, na fito imesimama tuli. Fundi Sefu akalaza sikio juu ya kasha.

"Umesikia nini?" nikamuuliza mimi safari hii.

"Nimesikia mtu anacheka ndani," akasema. Akaificha spana nyuma ya mgongo. "Silifungui. Hili siyo kasha, ni yai. Tukilipasua, Mwamko imekwisha."

Hakuwa akitia chumvi. Familia mbili zilikuwa zimekwisha kufunga virago na kurudi kwenye mahame yao ya zamani, palipokuwa na bwawa, ingawa bwawa lenyewe wakati huo lilikuwa tope lenye vyura. Wengine walibaki kwa sababu moja tu, wapate mtu wa kumlaumu. "Kalunde ametuuza kwa bomba," walisema, na hawakusema pembeni. Mama Kalunde alisimama mbele yangu pale nilipochuchumaa, ndoo tupu imening'inia mkononi.

"Fundi Masanja, mwanangu, wewe ni Mnyamwezi mwenzangu. Niambie kweli. Huyu ndege ni mzima au ni picha?"

"Mama, bila mchoro wa hili kasha siwezi kukuambia."

"Basi omba mchoro."

Ni rahisi kusema. Lakini siku ile ile, nikisugua kutu kwenye mguu wa pampu kwa brashi ya waya, rangi ya kijani ilibanduka na chini yake pakatokea kibao cha shaba kilichopigwa ribiti. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Niliyasoma mara mbili, kisha nikamtafsiria Mama Kalunde kwa sauti. Yalisema kwamba pampu ya namna hii ilichorwa na walimu wa chuo kimoja cha ufundi, wakaitoa bure kwa ulimwengu. Kiwanda chochote kinaruhusiwa kuitengeneza, hata kuibadilisha, kwa sharti: yeyote atakayekuwa na pampu akiomba michoro, apewe, pamoja na mabadiliko yote yaliyofanywa. Na aliyepewa asimnyime mwingine.

"Na wao wamepaka rangi juu ya maneno haya?" Mama Kalunde akauliza.

"Wamepaka, mama."

"Mkono mmoja wa rangi au miwili?"

Nikakwaruza. "Miwili."

"Basi walijua kusoma," akasema.

Nilikwenda kwa Ndugu Mkuu nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota haki njiani. Alinisikiliza akiwa ameegemea kiti.

"Kuomba?" akasema. "Ndugu Masanja, tunajenga taifa linalojitegemea. Tutaombaje karatasi kwa mabeberu?"

"Hatuombi kwa hisani, Ndugu Mkuu. Kibao kinasema ni haki yetu."

"Haki ya kuomba bado ni kuomba. Sisi tutawaandikia watuletee pampu mpya nzima."

"Hiyo siyo kuomba?"

"Huo ni ushirikiano wa kimataifa."

Mwishoni alikubali niombe michoro, mradi ombi langu litangulie na lake la pampu mpya lifuate, ili unyonge uwe wangu na ushirikiano uwe wake. Nikaomba. Baada ya muda mrefu ikafika kalenda. Ilikuwa kalenda nzuri ajabu, karatasi nene yenye kung'aa, na kila mwezi Korongo alionekana mbele ya nchi tofauti, amezungukwa na watu waliolowa. Nikaomba tena, nikanukuu maneno ya kibao. Kikaja kijitabu chenye picha ya mkurugenzi wa kampuni akitabasamu na mtoto. Nikaomba mara ya tatu, na safari hii, wenzangu, michoro ilikuja kweli. Nilikimbia nayo karakana. Miguu ya pampu ilikuwamo, bomba lilikuwamo, gurudumu lilikuwamo kwa vipimo vyote hadi unene wa rangi. Na mahali pa kasha jekundu palichorwa mraba mweupe, mtupu, safi kama sahani iliyolambwa.

Fundi Sefu aliutazama mraba ule kwa muda. "Wametuchorea kuku mzima," akasema, "ila kuku."

Mama Kalunde alikuwa akija mjini kuuza asali, na kila alipokuja alipita karakana kuniamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, fundi," hata kama ni saa tisa alasiri, ili nijue kwamba kwake bado ni alfajiri na bado anasubiri. Nilimpa ile kalenda akaitundike kijijini. Akaikubali.

"Ina maji mengi," alisema akiifunua. "Ya kwenye karatasi yanatekwaje? Kwa kijiko?" Kisha akaacha mzaha. "Sikiliza, mwanangu. Mvua ikianza kabla hujapata dawa ya yule ndege, watu watasema tukalime kule kule kwenye mahame, na hawatarudi. Nitabaki mimi na nguzo zangu. Wakati wa kuzing'oa nilikuwa na nguvu; za kuzing'oa tena sina."

Ndipo ushirikiano wa kimataifa ulipozaa tunda. Kampuni ilimtuma wakala wake wa Dar es Salaam aje aone kama Mwamko inastahili pampu mpya. Aliitwa Bwana Kondo. Alishuka kwenye treni na miwani myeusi, shati jeupe, na begi la ngozi alilolikumbatia kama mtoto mwenye surua. Njia nzima ya kwenda Mwamko, Ndugu Mkuu alimweleza juu ya kujitegemea. Mimi na Fundi Sefu tulikaa nyuma na vifaa, tukila vumbi la wote wawili.

Kijiji kilikusanyika mbele ya pampu. Bwana Kondo akasema kampuni inasikitika. Pampu mpya zitafikiriwa. Kwa sasa kasha lisiguswe. Nikasimama nikauliza habari za michoro ya kasha.

"Michoro ni mali ya kampuni," akasema.

"Na maneno ya kwenye kibao?"

"Kile ni pambo."

Ndugu Mkuu akanikazia macho nikae. Nikakaa. Nilijua tumeshindwa, na ukitaka kujua ladha ya kushindwa kwa fundi, lamba betri. Ndipo Mama Kalunde aliposimama, mpole kama maziwa ya jana, akauliza swali ambalo kila mama wa nchi hii humuuliza mgeni kabla ya kumpa maji.

"Baba, umetoka mbali. Kwenu ni wapi hasa?"

Bwana Kondo alikuwa na majibu ya kampuni kwa maswali yote. Hili hakulitarajia. "Maneromango," akasema.

Bibi mmoja nyuma akapiga kigelegele, akafuata mwingine, na uwanja mzima ukaumuka kama unga wa maandazi.

"Mzaramo!" Mama Kalunde akapaza ile sauti ya kuitia ng'ombe. "Jamani, kumbe ni mtani! Tumemketisha kwenye kiti kama mtu!"

Kwa wale waliozaliwa juzi: wapagazi wa Kinyamwezi waliposhuka na mizigo hadi Pwani, walipita nchi ya Wazaramo, na aliyefia njiani, Mzaramo ndiye aliyemzika. Ndipo ulipozaliwa utani wetu. Mtani hukutukana ukiwa msibani, huchukua kitu chako bila kukuomba, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako na ya ukoo wako.

Mama Kalunde alifungua khanga yake ya juu, akamfunika Korongo tangu kasha hadi miguu. Wanawake wakaanguka chini kwa kilio kilichojaa vicheko.

"Uuuwi, Korongo wetu! Umetuacha na kalenda!"

"Mtani, umechelewa," Mama Kalunde akamwambia Bwana Kondo. "Maiti ameanza kunuka dizeli. Vua miwani uchimbe kaburi."

Ndugu Mkuu akaruka. "Ndugu wananchi! Huu ni ukabila! Huu ni—"

"Na wewe Ndugu, kwenu ni wapi?" bibi mmoja akamuuliza.

Akafunga mdomo, akakaa. Ndiyo siku pekee niliyomwona akitumia akili kwa wakati.

Lakini Bwana Kondo alikwisha kuvua miwani. Na chini ya miwani, wenzangu, hapakuwa na kampuni. Palikuwa na kijana wa Maneromango anayejizuia kucheka.

"Wanyamwezi!" akasema. "Babu zenu walifika kwetu na mizigo vichwani. Ninyi siku hizi mnabeba maneno tu?"

"Na waliofia kwenu mliwazika?"

"Tuliwazika vizuri. Pembe za ndovu tukazirithi."

"Basi mzike na huyu. Ila kijijini kwetu maiti haishuki kaburini mpaka mtani aseme ilikufa na nini. Kama ni maiti yako, ibebe kichwani hadi Dar es Salaam, nawe ujue upagazi. Kama ni yetu, tufunulie tumbo."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kondo akamsogelea, akashusha sauti. Mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Mama, mchoro ninao, nimekuja nao kwa ukaguzi. Lakini nikiutoa mimi, kazi sina."

"Nani amekuambia utoe?" Mama Kalunde akamjibu kwa sauti ile ile ya chini. "Mtani hatoi. Mtani huporwa."

Akalichomoa lile begi kwapani mwake kama mtu anayechuma bamia. Bwana Kondo akainua mikono yote miwili juu.

"Mashahidi mpo!" akapiga kelele. "Nimeporwa na Wanyamwezi! Sikutoa! Sasa nipeni kuku, siwezi kuporwa nikiwa na njaa!"

Akapelekwa kula. Akala kwa utulivu mkubwa, akaomba ugali mara ya pili, na mara ya tatu, akiutafuna polepole kama mtu anayejua kwamba watu wengine wana kazi. Ndugu Mkuu alilazimika kula naye kwa heshima. Mimi na Fundi Sefu tulikuwa tumepiga magoti nyuma ya nyumba ya Mama Kalunde. Karatasi kubwa hatukuwa nayo, ila ile kalenda. Tukaigeuza, na nyuma ya watu waliolowa tukanakili tumbo lote la kasha jekundu.

Nilikuwa nimefika kwenye kifuniko Fundi Sefu alipojipiga paji la uso kwa kiganja chenye grisi.

"Hesi ya kushoto!"

Ndivyo ilivyokuwa. Hesi ya kifuniko, ile mistari ya kukazia, ilikatwa kinyume, ili anayekilegeza kwa desturi ya mafundi wote awe anakikaza mpaka kipasuke. "Yule wa kwanza nilimnyonga," alisema, "nikidhani namlegeza kola." Na ndani kabisa, kati ya meno ya gurudumu na fito, palikuwa na pini ya shaba laini, ndogo kama kidole cha mtoto, iliyowekwa makusudi ikatike mzigo ukizidi ili gurudumu lisivunjike meno. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa imekatika. Kwa sababu ya pini hiyo kampuni ilitaka kuvusha bahari kasha zima, na Ndugu Mkuu pampu nzima, na ukoo wa Mama Kalunde ulikuwa unataka kuvuka pori.

Begi lilirudishwa na kila kitu chake, na jogoo hai juu yake. Wageni walipoondoka, sisi tulibaki. Fundi Sefu alichukua koki ya shaba iliyochakaa kwenye sanduku lake, akaikata, akaipiga tupa hadi ikawa pini. Kisha akashika spana, akafumba macho, akavuta upande ambao mkono wake haukuwahi kuvuta tangu azaliwe. Kifuniko kikaachia taratibu, bila kelele.

Tu-pwa. Tu-pwa.

Mama Kalunde hakupiga kigelegele. Aliweka kiganja chini ya maji, akayatazama yanavyofurika, akanawa uso, akanawa tena. Alipogeuka alikuwa amekwisha kuwa yeye tena.

"Ule mstari wa mwisho wa kibao unasemaje?"

"Aliyepewa asimnyime mwingine, mama."

"Haya. Sasa wenye michoro ni ninyi. Nikisikia mmemnyima mtu, nakuja karakana na sanda, niwalilie mkiwa hai."

Bwana Kondo hakufukuzwa kazi. Nilisikia aliandika taarifa kwamba aliporwa kwa mujibu wa mila, na wakubwa wake wa ng'ambo wakamjibu aeleze Mila ni kituo gani cha polisi. Hawakuelewa, na hiyo ndiyo iliyokuwa salama yake.

Ndugu Mkuu ndiye aliyeelewa, tena haraka. Korongo amepona, pampu mpya haiji. Alikuja karakana, akaitwaa kalenda yetu, akaigonga muhuri mwekundu wa SIRI upande wa michoro, akaifungia ndani ya lile kabati la Mzungu. Baada ya miaka yote ile kabati la michoro likawa na mchoro, na hatukuweza kuuona. Lakini Fundi Sefu hakunung'unika hata kidogo, nami nilijua kwa nini. "Karatasi ina maadui wawili," alikuwa ameniambia jioni tuliyorudi kutoka Mwamko, "mchwa na wakubwa." Kisha akafunga mlango wa karakana, akachukua msumari na masizi ya taa, na kwenye uso wa ndani wa ule mlango wa mninga akauchora tena mchoro wote, mkubwa kama kasha lenyewe, na mshale wa kuonyesha kushoto mrefu kama mkono. Asubuhi tuliufungua mlango tukauegemeza ukutani kama amri inavyosema.

Ndugu Mkuu aliupita kila siku ya kazi.

Kisha akaja Nestori. Alikuwa fundi kijana, mkimbizi wa Burundi, ametoka Ulyankulu. Korongo wao alikuwa amegoma, na watu walikuwa wakinywa maji ya madimbwi pamoja na ng'ombe. Aliyaeleza hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyaeleza ofisini na kukatizwa katikati.

"Mkuu wenu amesema mchoro ni siri ya taifa," alisema, "na taifa si langu."

Fundi Sefu, ambaye siku hizo alikuwa akifanya kazi ameketi, hakuinua kichwa. "Funga mlango," akamwambia.

"Mzee, pale juu imeandikwa uwe wazi."

"Unajua kusoma, vizuri. Funga."

Akaufunga. Karakana ikaingia kivuli, kisha macho yakazoea, na Nestori akaona. Aliomba kaa lililozimika, akatandika gunia la unga sakafuni, akaanza kunakili, akiugusa kila mstari mlangoni kwa kidole kabla ya kuuchora. Alipofika kwenye mshale alisimama.

"Kushoto?"

"Kushoto," tukamjibu wote wawili.

Alipomaliza nikamwambia sharti la kibao, kama lilivyo.

"Na nikimnyima mtu?"

"Kuna mama yuko Mwamko, ana sanda."

Alidhani natania, nami sikumsahihisha. Akalikunja gunia, akalitia ndani ya shati, akatuaga kwa mikono miwili, akavuka kizingiti. Na kwa adabu ya watu wa kwao, bila kuambiwa, akauvuta mlango nyuma yake hadi ukafungwa, mchoro ukabaki wazi mbele yetu.